Udongo wa Mlangoni kwa Damiani

Sufuria ya wali ya Scolastica ilirudi kutoka msibani kama ilivyokwenda. Wanawake wa mtaa wa Lipangalala walipakua wali wa kila mtu siku ile, hata wa yule mama anayeuunguza kila msiba, lakini sufuria ya Scolastica waliisogeza kwa ncha ya mwiko, kidogo kidogo, mpaka ikafika kwenye mafiga yaliyozimwa, ikakaa hapo peke yake. Scolastica aliona yote. Alikuwa ameinama akiosha sahani, akajifanya haoni, maana msiba ulikuwa wa Damiani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na msibani mtu hagombani kwa ajili ya wali.

Aliibeba kichwani mpaka nyumbani. Mumewe, mzee Agapiti, alikuwa ametangulia kutoka makaburini, na sasa alikuwa sebuleni, ameinamia meza yake ya treni na kibrashi kidogo mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amemlilia Damiani kaburini mpaka watu wakamshika.

"Wali ulibaki?" aliuliza alipoiona sufuria.

"Ulibaki."

"Basi wamepika mwingi. Damiani alikuwa na watu."

Scolastica alimtazama, akaamua kunyamaza. Wapo watu ambao huwezi kuwaambia jambo mpaka jambo lenyewe liwakanyage mguu, na wake zao huzeeka mapema. Agapiti alikuwa mmoja wao. Scolastica alipakua wali ule akala yeye na binti yao Ursula, na uliobaki akawapa kuku.

Walipomaliza kuanua matanga, Febronia, mjane wa Damiani, alikuja kupiga hodi. Alikuwa amejitanda kaniki, na nyuma yake alisimama Hermenegildi, mwenyekiti wa mtaa, mtu wa maneno machache mkutanoni na mengi pembeni.

"Karibuni. Pole sana, shemeji," alisema Agapiti. "Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kuiona treni. Damiani alikuwa akija hapa kila jioni, mimi sijawahi kuiona."

Agapiti hakungoja aambiwe tena. Mzee huyu alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu, na miaka yake yote ya kazi aliupita mji wake akiwa amesimama kwenye mlango wa behewa la mwisho, bendera mkononi. Sasa alikuwa ameuleta mji ndani ya nyumba. Meza ilijaza sebule nzima. Makochi yalihamia barazani yakanyeshewa huko. Juu ya meza kulikuwa na stesheni yenye benchi na kengele, milima ya Udzungwa ya magunia yaliyochovywa kwenye saruji, mashamba ya mpunga ya sponji zilizopakwa rangi, na daraja la spoku za baiskeli. Mabehewa aliyakata kwa bati la madebe ya mafuta ya kula. Kisha akajenga nyumba za mtaa wao, moja baada ya nyingine, kila nyumba na ufa wake na kiraka chake. Reli ya kweli haipiti katika mtaa ule. Yeye aliipitisha, mlango kwa mlango, ili kila jirani awe na treni mbele ya nyumba yake. Huo ulikuwa wema wake, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Aliunganisha waya kwenye betri ya sola. Kichwa cha treni, chenye mota ya redio ya kaseti tumboni, kikanguruma na kuondoka. Kilipita kwa Rabia muuza samaki, ambapo hata kichanja cha kukaushia kambale kilikuwepo. Kikapita kwa mwenyekiti, bendera ikiwa juu ya mlingoti wa kijiti. Kilipofika kwa Damiani, kwenye nyumba yenye kiraka cha turubai paani, Febronia aliinama.

"Hilo turubai ni letu," alisema.

"Ni lenu. Damiani alinikatia kipande. Na rangi ya mlango ni yenyewe, ile iliyobaki kwenye kopo."

Treni ilisimama stesheni. Kwenye dirisha la behewa la kwanza alikaa mtu wa mti, mdogo kama kidole gumba, amevaa pama ya kahawia iliyokunjwa upande mmoja. Febronia aliitazama ile pama. Ilikuwa siku chache tu tangu aitundike ya kweli nyuma ya mlango wa chumba chake.

"Huyo nani?"

Agapiti alitabasamu, masikini, tabasamu la mtu anayetoa zawadi. "Humjui mumeo, shemeji? Mwenyewe aliniomba. Alisema, niweke dirishani, niende Mbeya nikaone ukungu wa huko kabla sijafa."

"Kabla hajafa."

"Ndivyo alivyosema. Tulicheka sana."

"Ulimweka lini?"

"Jumapili, baada ya misa."

Damiani alianguka shambani Jumanne. Hospitali walisema presha. Mtaa ulikuwa umeipokea hiyo presha kwa shingo upande, kwani Damiani hakuwahi kulalamika hata kuumwa kichwa. Hermenegildi alinyoosha kidole akagusa ardhi iliyogandishwa kwa gundi mbele ya nyumba ya Damiani.

"Na huu ni udongo gani, mzee wangu?"

Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Agapiti angeweza kusema ni udongo tu. Angeweza kusema ni wa bustanini. Lakini alikuwa ameulizwa juu ya kazi yake, na fundi akiulizwa juu ya kazi yake hasemi nusu.

"Udongo wenyewe," alisema. "Watu wanadhani Lipangalala ina udongo wa rangi moja. Kwa Rabia ni mweusi, wa mfinyanzi. Kwako wewe mwenyekiti una kokoto za kifusi. Kwa hiyo nilichota mlangoni kwa kila mtu. Huu wa kwako, shemeji, nilichota pale pale mnapoingilia, palipokanyagwa zaidi, ndipo ulipokolea."

"Damiani alijua?" Febronia aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapana. Nilitaka siku moja nimshangaze."

Hakuna mtoto katika bonde lile asiyejua kwamba mchawi anayekutafuta huanza na udongo wa unyayo wako. Agapiti naye alilijua hilo tangu utotoni. Angeambiwa kuna mtu anachota udongo mlangoni kwake alfajiri, angefunga safari kwenda kwa ndugu zake kuuliza la kufanya. Lakini yeye alikuwa akitafuta rangi. Haikumpitia kabisa akilini kwamba mkono wake mwenyewe, ukiwa na kijiko na kopo, unafanana na mkono mwingine wowote.

Hermenegildi alitoa simu akapiga picha. Alipiga behewa, akapiga dirisha, akainama akapiga udongo.

"Kumbukumbu tu, mzee," alisema. Febronia alikuwa tayari yuko nje.

Picha ilifika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla jua halijazama. Ursula aliiona akiwa barazani kwenye cherehani yake. Chini yake mtu alikuwa ameandika, "Marehemu yuko safarini." Chini ya hapo watu walikuwa wamelia, wamesali, wameweka alama za mshangao, na mmoja aliuliza, "Nani anafuata kupanda?" Hakuna aliyemjibu huyo.

Kesho yake wateja wake walianza kuja kuchukua vitambaa. Mmoja alisema mwanawe hatamaliza shule mwaka huu, kwa hiyo sare haina haraka. Mwingine alisema amekumbuka ana fundi mwingine, shangazi yake. Wa tatu hakusema kitu. Alikichukua kitambaa chake mezani, akakikung'uta, akakinusa, akaondoka. Ursula aliwakunjia vizuri kila mmoja. Alipomaliza alikwenda kulia bafuni, kwa kuwa ndipo mahali pekee pasipo na treni wala watu.

Wiki ile zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa kwao. Scolastica alifagia uwanja, akaazima viti, akapanga meza na kitambaa cheupe na msalaba na mishumaa miwili. Alipika chai ya maziwa. Saa ya sala ilifika, ikapita. Agapiti alikaa kiti cha mbele na kitabu cha nyimbo, akitazama njia.

"Labda kuna kikao cha ushirika," alisema.

"Labda," Scolastica alisema.

Aliyekuja ni Rabia, ambaye ni Mwislamu na hakuwa na habari na jumuiya. Alikuja kurudisha ungo. Alivitazama vile viti vitupu, akavuta kimoja akakaa, akapokea kikombe cha chai akakinywa chote mbele yao. Scolastica hakusahau hilo maisha yake yote.

"Kaka Agapiti," Rabia alisema alipomaliza. "Nyumba yangu itoe kwenye ile meza."

"Kwa nini? Nimekosea wapi? Kile kichanja nimekirudia mara ngapi."

"Hujakosea. Itoe tu."

"Dada Rabia, na wewe?"

"Mimi nakunywa chai yenu, umeniona. Lakini mjukuu wangu amelala na homa tangu juzi, na mama yake haniambii kitu, ananitazama tu. Itoe, kaka."

Agapiti alisema atafikiri. Hakuitoa. Nyumba ya Rabia ilikuwa penye kona, na ukiitoa pale mtaa wote unapoteza umbo. Alimweleza mkewe hivyo, kwa utulivu, na Scolastica alitamani kumpiga kwa ule ungo.

Jioni hiyo hiyo simu ya Ursula ilipokea ujumbe kutoka kwa wajomba wa Obadia, kijana wa kiwanda cha sukari aliyekuwa amemposa. Walisema hawataweza kuja na mahari mwezi ule. Watakuja mvua zikikatika. Mvua zilikuwa zimekwisha kukatika. Ursula alimsomea mama yake ujumbe ule, akazima simu.

Hermenegildi alikuja Jumatatu, peke yake, amevaa koti. Alipewa kiti uani, chini ya paa la jiko. Alizungumza kwa adabu sana, na kadiri adabu ilivyozidi ndivyo Scolastica alivyozidi kuogopa.

"Wazee wangu, mimi simtuhumu mtu. Serikali hairuhusu kumtuhumu mtu. Ila mtaa umechafuka. Kuna watu hawalali. Shemeji Febronia ameomba jambo moja la amani. Twende ng'ambo ya mto, huko mbele ya Malinyi, kwa yule mzee anayenyoa. Shemeji atanyolewa, na ninyi mtanyolewa. Anayelalamika na anayelalamikiwa, wote kichwa kimoja. Mkirudi, jambo limekwisha. Atakayelirudia tena, dawa inamshika yeye."

"Mimi Mkristo," Agapiti alisema.

"Wote Wakristo, mzee. Nywele hazina dini."

"Padri amekataza. Ukinyolewa hukomuniki."

"Utatubu. Watu wanatubu makubwa."

Agapiti alisimama. Alikuwa mrefu, na mgongo wake ulikuwa bado wa kazini. "Sikiliza, mwenyekiti. Mtu anakwenda kunyolewa uchawi kwa sababu anao. Mimi nikitia kichwa changu pale, nimesema, ndiyo, nilimuua Damiani. Nimuue Damiani? Nani alikuwa ananicheka nikikosea, nani alinishikia taa? Siendi. Waambie siendi hata wakiniletea gari mlangoni."

Hermenegildi aliinuka taratibu, akakung'uta koti.

"Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji," alisema. "Febronia anaondoka keshokutwa asubuhi. Mama Ursula, baki na wazo hilo."

Usemi ule wa kuagana aliuelekeza kwa mke, hakuuelekeza kwa mume, na kila mmoja wa watatu wale aliliona hilo.

"Nenda," Scolastica alisema mgeni alipotoka. "Nenda tu, Baba Ursula. Nywele zinaota."

"Neno haliondoki."

"Neno tayari tunalo. Tunalala nalo, tunakula nalo. Mimi nimekaa kisimani tangu asubuhi mpaka wote wachote ndipo nichote. Mwanao ameachwa. Unataka nini kingine kitupate?"

"Nataka Febronia aje anitazame usoni, aniambie mimi ndiye."

"Na akikwambia?"

Agapiti alirudi sebuleni. Scolastica alimsikia akisugua kitu kwa msasa, polepole, na sauti ile ilimwingia kwenye meno. Alimpenda mume wake. Hilo lisemwe, kwa sababu alichokifanya baadaye watu wengi walikisema kivingine.

Aliondoka na Febronia. Alimwambia Agapiti anakwenda kijiji cha Mbingu kumwona dada yake, akapanda gari la upande wa pili. Wanawake wale wawili walikaa kiti kimoja tangu stendi, wakavuka daraja la Kilombero, wakapita mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Mahali fulani njiani Febronia alitoa ndizi kwenye mkoba, akaimega katikati, akampa nusu. Scolastica aliipokea. Akawaza kwamba njia aliyoichagua ni njia njema.

Uwanjani kwa mnyoaji kulikuwa na watu wengi wamekaa chini, waliotoka vijiji mbalimbali, wenye kesi zao mbalimbali, kimya kama hospitalini. Mnyoaji alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani. Alinyoa kwa wembe mpya kila kichwa, akaziacha nywele zidondoke kwenye kipande cha kaniki, akawapaka dawa iliyochoma. Alianza na Febronia. Alipomaliza na Scolastica aliweka kiganja juu ya kichwa chake kilichokuwa kitupu, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Huyu amenyolewa. Aliyenyolewa hapa haguswi. Atakayemwita jina lile tena, au kuinua mkono juu yake, dawa itamgeukia yeye na watoto wake."

Scolastica alivuta pumzi. Machozi yalimtoka, ya faraja kabisa.

"Wewe ndiye uliyechota udongo?" mnyoaji aliuliza, sasa kwa sauti ya kawaida, akifuta wembe.

"Hapana, baba. Mume wangu. Lakini si kwa ubaya, ni kwa ajili ya..."

"Yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani."

Mzee alivua miwani. Alimtazama Scolastica, kisha akamtazama Febronia, na maneno yake akayaelekeza kwa Febronia.

"Huyu ameoshwa. Mwenye mkono amebaki."

Hakuongeza neno. Alimwita mtu mwingine. Katika gari la kurudi Febronia alihama kiti, akakaa mbele karibu na dereva, na njia nzima alikuwa na simu sikioni.

Agapiti alikuwa amesimama mlangoni alipomwona mkewe anakuja. Scolastica alikuwa amejifunga kilemba, lakini kilemba kikikosa nywele chini yake hukaa vingine. Agapiti alinyoosha mkono akakivua, akakitazama kichwa kile kilichong'aa dawa.

"Umekwenda kukiri kwa niaba yangu," alisema.

"Nimekwenda kutafuta amani."

"Umeipata?"

Scolastica alitaka kumwambia aliyoyasema mnyoaji. Alifungua mdomo. Lakini mume wake alikuwa na uso wa mtoto aliyepigwa pasipo kosa, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka, na alitumaini kwamba Febronia hakuyatilia maanani. Kwa hiyo alisema, "Nimeipata," akaingia ndani kuwasha moto. Hakuna uongo uliomgharimu zaidi.

Walikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Hawakuja kwa fujo. Alitangulia Rabia, macho chini. "Naomba nyumba yangu, kaka," na nyuma yake, uwanjani, walikuwa wamepanga foleni kama watu wa mchele wa msaada. Waliingia mmoja mmoja. Waliovuka umri wake walimpa habari za mchana, wadogo walimwamkia.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata nyumba yetu."

"Marahaba. Shika chini, huko juu gundi haijakauka."

Agapiti alizing'oa kwa kisu chembamba, kila moja na udongo wake, akazifunga kwenye gazeti. Kwa kuwa wote walikuwa na adabu, akaanza kuwaeleza: paa hili linafunguka, humu ndani kuna kitanda. Walisema asante. Walizipokea kwa mikono miwili, wakazibeba mbali na kifua. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuivunja au kuitupa. Mtu atavunjaje nyumba yake mwenyewe yenye udongo wa nyayo zake?

Febronia alikuja wa mwisho. Alifungiwa kwenye gazeti nyumba yake yenye turubai, lakini hakuondoka.

"Na yeye mtoe," alisema.

Agapiti alichukua koleo dogo, akaliingiza kwenye dirisha la behewa. Alivuta. Pama ilitoka, kichwa kikabaki. Alivuta tena, bega likaanza kupasuka. Febronia alitoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Nilimgandisha vizuri," Agapiti alisema, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Shemeji, nilitaka asidondoke."

"Mwache," Febronia alisema. "Mwache hapo hapo ulipomweka." Akatoka.

Juu ya meza ilibaki reli, na nyumba moja tu, ya kwao.

Uani, Hermenegildi alikuwa akimngoja Scolastica. Hakuvaa koti siku hiyo.

"Mama Ursula, wewe huna neno," alisema. "Umenyolewa, uko safi, na mtaa unakuheshimu. Si una dada yako Mbingu? Nenda ukamsalimie leo. Mchukue na binti."

"Na Baba Ursula?"

"Magari ya Mlimba, ya kukufikisha Mbingu, bado yanapita. Yaliyobaki si mengi."

"Nimekuuliza Baba Ursula, mwenyekiti."

Hermenegildi alitazama upande wa bafu, ambako vijana kadhaa walikuwa wamekaa kwenye matofali, hawachezi karata, hawazungumzi. Mmoja alikuwa na galoni ya njano, inayonuka petroli, kati ya miguu yake.

"Sisi tunakuheshimu wewe, mama," alirudia.

Ndipo Scolastica alipojua alichokinunua kwa nywele zake. Alikuwa amejinunua yeye peke yake. Alikuwa amekwenda ng'ambo kwa hiari yake na kuuambia mtaa mzima kwamba ndani ya nyumba ile kweli kulikuwa na kitu cha kuosha, kisha akarudi na kumwacha mumewe ndiye pekee ambaye hajaoshwa.

Alimwita Ursula, akamfunga khanga mabegani kama anamwandaa kwenda shule, akamwambia aende kwa mama mdogo Mbingu.

"Twende wote, mama. Na baba."

"Baba yako akivuka mlango huu sasa hivi hafiki barabarani. Ukifika kituoni piga simu polisi, piga kwa padri, piga kwa kila mtu unayemjua. Usigeuke nyuma."

Ursula alipita katikati ya watu, wakampisha. Wengine walimwambia safari njema.

Sebuleni Agapiti alikuwa amenawa uso. Alikuwa ameanza kuifuta meza pale nyumba zilipotoka.

"Umeona?" alisema. "Kila mtu amenisalimia. Mwenye ubaya na wewe hakusalimii. Limekwisha, Mama Ursula. Ulifanya vema kwenda, nakiri. Mimi ndiye nilikuwa mkaidi."

Scolastica alimtazama mtu huyu aliyeishi naye miaka yote.

"Kaa ndani," alisema. "Usitoke hata ukiitwa."

Alichukua kiti cha jikoni akakiweka mlangoni. Akakaa. Watu uwanjani walikuwa wamerudi, sasa bila nyumba zao. Kila mmoja alikuwa ameipeleka yake mahali salama. Febronia tu bado alikuwa nayo mikononi, kwenye gazeti. Rabia hakuwepo. Scolastica alivua kilemba, akakikunja, akakiweka mapajani, na jua la jioni likamwangukia kichwani.

"Mlinipeleka wenyewe," alisema. Hakupaza sauti. "Aliyenyolewa haguswi. Atakayeinua mkono juu yake, dawa inamgeukia yeye na watoto wake. Febronia alikuwepo, aliyasikia. Mimi sitoki hapa mlangoni. Anayetaka kuingia, anivuke."

Vijana wa upande wa bafu walikuwa wamesogea, wakasimama. Mwenye galoni aliiweka chini. Watu wote walimgeukia Febronia.

"Alisema hivyo?" Hermenegildi aliuliza.

Febronia alikumbatia lile gazeti. Kichwa chake nacho kilikuwa kipara chini ya kaniki. Alimtazama Scolastica kwa muda mrefu, na kwa kitambo ikaonekana kama angevuka uwanja akakae naye pale mlangoni; mguu wake ulisogea, kabisa. Kisha ukarudi.

"Alisema," alijibu. "Haguswi." Akainamia gazeti. "Yeye."

Hermenegildi aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa kanuni na kuielewa. Alikunja suruali magotini, akakaa chini uwanjani, taratibu, akanyoosha miguu.

"Basi tukae, jamani," alisema. "Hakuna haraka. Hata mama huyu atasinzia."

Walikaa chini, mmoja mmoja. Mtu mmoja alitoa karanga, akazipitisha.

"Kuna wageni huko nje?" Agapiti aliita kutoka ndani. "Mbona huwakaribishi?"

Scolastica alikivuta kiti mpaka kikakaa katikati kabisa ya mlango, akashika miimo miwili kwa mikono yake, akayafumbua macho yake vizuri.